Mvinyo wa Rozela Baada ya Ndoo: Mwongozo Kamili wa Uchachushaji wa Pili

Maswali kuhusu mvinyo wa rozela wa nyumbani karibu yote yanafanana. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri: povu lilipanda, harufu ilivutia, rangi ilipendeza. Kisha mvinyo ukageuka siki. Au ukagoma kuchachuka ungali mtamu. Au ukatiwa kwenye chupa, na usiku mmoja chupa zikaanza kupasuka kabatini.

Mapishi mengi yanayozunguka kwenye simu yanaishia kwenye "acha siku saba, chuja, weka kwenye chupa". Siku saba zinatosha kumaliza fujo ya mwanzo tu. Hazitoshi kumaliza sukari, wala hazitoshi kuuacha mvinyo ujisafishe. Kazi ya wiki zinazofuata, yaani uchachushaji wa pili, ni mambo mawili: kuzuia hewa, na kupima badala ya kukisia. Makosa karibu yote yanatoka kwenye moja kati ya hayo mawili.

Ninaanzia pale ndoo inapoanza kutulia. Nachukulia una lita 22 kwenye ndoo ya lita 30, zilizotengenezwa kwa rozela kavu gramu 500 hadi 700, sukari kilo 5, na chachu ya mvinyo au hamira ya mkate. Kama ulianza na lita 20 kamili utapungukiwa huko mbele, na sababu utaiona kwenye hatua ya 3. Hatua hizi zinafaa pia kwa mvinyo wa nanasi au wa zabibu za Dodoma. Kinachobadilika zaidi ni suala la uchachu, kwa sababu rozela ina asidi kali kuliko matunda mengi.

## Vifaa: vikusanye kabla hujagusa ndoo

Haidromita na silinda yake. Ni kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji. Maji ni 1.000. Sukari inaupandisha uzito, pombe inaushusha. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, nunua hiki na vingine vifuate. Hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara na kwa wauzaji wa mtandaoni.

Dumu angavu la maji ya kunywa la lita 18.9, lile la kwenye dispensa. Chagua la PET, lenye namba 1 kwenye pembetatu ya chini. Kamwe usitumie dumu lililowahi kuwekwa mafuta ya taa, mafuta ya kula au sabuni. Plastiki huhifadhi harufu, na pombe huitoa.

Chupa mbili za lita 1.5 za maji, kwa ajili ya mvinyo wa kujazia.

Mpira laini wa plastiki, mita moja na nusu, unene wa kidole kidogo, wa kuhamishia mvinyo.

Kizibo chenye njia ya gesi. Ukipata eyaloki halisi na kizibo cha mpira, vizuri. Usipopata, nunua mpira mpya wa dripu kwenye duka la dawa, toboa kifuniko cha dumu kwa msumari wa moto, pitisha mpira, kisha ziba pembeni kwa nta ya mshumaa. Kata kile kichupa cha matone, na uondoe kigurudumu cha kubania. Kigurudumu kikijifunga bila wewe kujua, gesi haina pa kutokea.

Potasiamu metabisalfaiti ya daraja la chakula, ya kuulia vijidudu na kuulinda mvinyo (mbele naiita pia salfaiti), na mizani ndogo inayosoma gramu 0.1. Vijiko vya jikoni havifai hapa. Tofauti ya gramu moja inaonekana kwenye ladha.

Potasiamu sobeti, ya kuzuia chachu isizaane tena, kama tu unataka mvinyo mtamu.

Daftari. Andika tarehe, joto na kipimo. Bila maandishi utabaki kubishana na kumbukumbu yako.

## Hatua ya 1: Hamisha kwa kipimo, siyo kwa siku

Toa sampuli, iweke kwenye silinda, zungusha haidromita kidogo ili povu lisiishike, kisha soma usawa wa kimiminika. Mwanzo ilikuwa 1.085 au zaidi kidogo. Wakati wa kuhamisha ni inaposoma kati ya 1.020 na 1.010.

Kwa nini hapo? Kwa sababu chachu bado ina nguvu na sukari kidogo imebaki. Gesi itakayotoka ndani ya dumu jipya itaisukuma hewa nje na kuulinda mvinyo. Ukichelewa hadi mvinyo utulie kabisa, unauhamisha ukiwa hauna ulinzi. Ukiwahi ukiwa kwenye 1.050, povu litaingia kwenye mpira na kuuziba.

Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 unaweza kufika hapo siku ya nne. Lushoto au Njombe mwezi wa Julai, siku kumi zinaweza kupita. Ndiyo maana "siku saba" haina maana yoyote mpaka tujue chumba chako kina joto gani.

*Angalizo la joto:* haidromita nyingi zimepangwa kusomeka kwenye nyuzi 20. Mvinyo ukiwa na nyuzi 30, ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye kipimo ulichosoma. Usirudishe sampuli ndani ya ndoo. Ionje.

Kama uliacha maua ya rozela ndani ya ndoo, yaondoe siku ya nne au ya tano. Yakikaa zaidi yanatoa ukakasi usiopungua baadaye.

Umefaulu ukiona: kipimo kati ya 1.020 na 1.010, povu limebaki duara jembamba, na mvinyo ukitoa mlio mdogo wa vipovu ukisogeza sikio.

## Hatua ya 2: Safisha, kisha ua vijidudu

Hivi ni vitu viwili tofauti. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana, kwa maji na sabuni isiyo na harufu. Kuua vijidudu kunafuata, na hakufanyi kazi juu ya uchafu.

Yeyusha gramu 10 za metabisalfaiti kwenye lita moja ya maji. Suuza dumu, mpira, kizibo na chupa, acha dakika kumi, mwaga, kung'uta. Fanyia mahali penye hewa. Mvuke wake unakereketa koo, na mwenye pumu asiusogelee.

Usimwage maji yaliyochemka kwenye dumu la PET, litajikunja. Na kuhusu Jiki: najua ipo kila nyumba na ni rahisi, lakini klorini ikibaki hata kidogo inakutana na viungo vya tunda na kuleta harufu ya dawa ya hospitali ambayo haitoki tena. Ukilazimika kuitumia, suuza mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, hadi harufu yote iishe.

## Hatua ya 3: Hamisha kwa mpira

Weka ndoo mezani na dumu sakafuni. Fanya hivyo saa kadhaa kabla, maana ukiibeba ndoo wakati uleule mashapo yanatibuka na utahamisha tope.

Jaza mpira maji safi, ziba ncha zote mbili kwa vidole vilivyooshwa, zamisha ncha moja ndani ya mvinyo na uiachie, shusha nyingine kwenye bakuli mpaka maji yaishe, kisha iingize ndani ya dumu hadi chini. Kunyonya kwa mdomo ni mazoea mabaya. Mdomo umejaa bakteria.

Ncha ya juu ishike sentimita chache juu ya mashapo, uishushe polepole mvinyo unapopungua. Acha tope lote zito ndoani. Uchoyo wa nusu lita ya mwisho unakurudishia kile ulichotaka kukiacha. Ndiyo sababu ya kuanza na lita 22: mashapo na maua vitakula lita mbili au zaidi, na bado utapata dumu zima pamoja na chupa ya akiba.

Usimimine kwa kuinamisha ndoo. Kwenye uhamishaji huu wa kwanza hewa kidogo haidhuru sana, kwani chachu ingali hai na inaitumia. Ila mkono uzoee sasa, maana kwenye uhamishaji unaofuata hewa hiyohiyo itaharibu.

Umefaulu ukiona: dumu limejaa mpaka kwenye mabega, chupa moja ya lita 1.5 ina akiba ya mvinyo uleule, na mashapo yote mazito yamebaki nyuma.

## Hatua ya 4: Nafasi ya hewa, hapa ndipo siki huzaliwa

Bakteria wa siki wanahitaji vitu viwili: pombe na oksijeni. Pombe umeshawapa. Oksijeni ndiyo unayoweza kuwanyima.

Siku tatu za kwanza acha sentimita nane hadi kumi kutoka mdomoni, kwa sababu povu linaweza kupanda tena. Mpira wa dripu ni mwembamba na povu huuziba kwa urahisi, kwa hiyo uangalie asubuhi na jioni. Dumu likianza kuvimba, fungua kizibo mara moja na usafishe mpira. Povu likikatika, jazia kutoka kwenye chupa ya akiba mpaka zibaki sentimita tatu au nne tu chini ya kizibo. Chupa ya akiba nayo ifungwe kwa namna ya kupitisha gesi. Puto lililotobolewa kwa sindano linatosha kwa siku hizo chache, ila kwa wiki nyingi halifai, kwa sababu mpira wake hupitisha hewa na huchakaa.

Mvinyo wa kujazia ukiisha, usikimbilie maji. Tafuta gololi za kioo, zioshe, zichemshe, zipoze, kisha zitumbukize moja moja mpaka usawa upande. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini ni njia ya uhakika na haiupunguzi nguvu mvinyo.

Ncha ya nje ya mpira izame sentimita mbili ndani ya chupa yenye maji. Isizame zaidi ya hapo: usiku ukipoa, gesi ndani ya dumu husinyaa na kuvuta maji kurudi ndani. Ndani ya chupa hiyo weka maji yenye metabisalfaiti kidogo au pombe kali, ili hata yakivutwa yasilete vijidudu. Yabadilishe kila wiki, maana nzi wadogo wa matunda hupenda kufia humo, na hao ndio wabebaji wakubwa wa bakteria wa siki.

Onyo: dumu lisifungwe kabisa kwa sababu yoyote ile, hata kwa siku moja ya safari.

## Hatua ya 5: Joto na mwanga

Lengo ni nyuzi 18 hadi 25. Zaidi ya 30 chachu hufanya kazi kwa kasi na kuacha ladha kali inayochoma koo, na mashapo huanza kuoza mapema. Chini ya 15 hamira ya mkate hulala.

Dodoma, ambako hewa ni kavu, dawa ni rahisi: dumu ndani ya beseni lenye maji, fulana ya pamba iliyolowa ikivishwa juu na pindo zake zikigusa maji. Maji yanavyokauka yanachukua joto. Tanga, Mombasa au Zanzibar mbinu hiyo haisaidii sana, kwa kuwa hewa yenyewe imeshajaa unyevu na maji hayakauki. Huko tumia beseni kubwa lililojaa maji, chumba cha ndani kisichopigwa na jua, sakafuni, na chupa mbili za maji yaliyoganda ukizibadilisha asubuhi na jioni.

Funika dumu kwa kanga nzito au gunia. Rangi nyekundu ya rozela haivumilii mwanga wala joto. Huhama polepole kuelekea kahawia. Na juu ya friji si mahali pa baridi, ingawa madumu mengi huishia huko. Injini ya friji hutoa joto.

## Hatua ya 6: Wiki tatu za kutogusa

Pima mara moja kwa wiki. Kila ukifungua, unaingiza hewa, kwa hiyo udadisi una gharama.

Vipovu visikudanganye. Dumu linaweza kutoa vipovu kwa sababu mchana umepata joto na gesi iliyoyeyuka inatoka, wakati sukari iliisha zamani. Linaweza pia kunyamaza kwa sababu nta ya mshumaa imepasuka na gesi inapita pembeni, huku ndani kazi ikiendelea. Haidromita pekee ndiyo inayosema kweli.

Uchachushaji umekwisha kipimo kinapofika 0.998 au chini yake, na kikabaki palepale kwenye vipimo vitatu vilivyopishana siku tatu au nne. Mvinyo wa rozela uliotegemea sukari ya mezani mara nyingi huishia kati ya 0.992 na 0.996. Kujua kiasi cha pombe, toa kipimo cha mwisho kutoka kile cha mwanzo, zidisha kwa 131. Kutoka 1.085 hadi 0.995 ni 0.090, yaani asilimia 11.8 hivi.

Katika wiki hizi tumia pua na macho. Harufu ya yai bovu ni chachu iliyokosa lishe. Ukiikuta mapema, wakati kipimo kingali juu ya 1.010, ongeza lishe (nitaeleza jinsi hapo chini) na uhamishe mvinyo mara moja ukiuacha urukeruke kidogo. Gesi hiyo itatoka. Usitumbukize sarafu wala waya wa shaba kama wengine wanavyoshauri. Shaba nyingi ni sumu.

Utando mweupe juu ya mvinyo ni viumbe wanaoishi kwenye hewa. Maana yake ulikosea hatua ya 4. Jazia dumu taratibu mpaka utando umwagike nje, futa mdomo, na mvinyo ukiwa umemaliza kuchachuka tia salfaiti.

Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ni habari mbaya zaidi. Bakteria wa siki wameshakaa na hakuna cha kuwarudisha nyuma. Acha uwe siki kamili, uitumie kwenye kachumbari. Dumu na mpira wake visiguse mvinyo mwingine tena.

## Hatua ya 7: Mvinyo ukigoma njiani

Kipimo kimesimama kwenye 1.015 kwa wiki nzima na ladha bado ni tamu. Watu wengi humwaga hamira nyingine juu yake. Haisaidii, kwa sababu ukavu wa ile hamira unakutana ghafla na pombe na uchachu, na nyingi hufa kabla hazijaamka. Tafuta chanzo kwanza.

Sukari nyingi kupita kiasi. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinatoa takriban asilimia moja ya pombe. Kilo 7 kwenye lita 20 ni gramu 350 kwa lita, yaani zaidi ya asilimia 20. Hamira ya mkate huchoka ikikaribia 12. Hapo mvinyo haujagoma, chachu imefika mwisho wa uwezo wake. Ama uuache mtamu na kuutunza kama nitakavyosema kwenye hatua ya 10, ama utumie chachu ya mvinyo inayostahimili pombe kali, kama EC-1118, ambayo hufika 18.

Uchachu. Hili ndilo linalowasumbua zaidi watu wa rozela. Chai ya rozela iliyokolea inaweza kuwa na pH (kipimo cha uchachu: namba ikipungua, uchachu unazidi) chini ya 3, na chachu inateseka hapo. Lenga 3.2 hadi 3.5. Karatasi za kupimia pH hupakwa rangi na mvinyo wenyewe na kusomeka vibaya, kwa hiyo kipimo cha betri ni bora. Kupunguza uchachu tumia kalsiamu kaboneti ya daraja la chakula: anza na gramu 10 kwenye lita 20, iyeyushe kwenye kikombe cha mvinyo ndani ya chombo kikubwa maana itafura, rudisha, subiri siku moja, pima tena. Magadi ya kuokea hufanya kazi pia, lakini huacha chumvichumvi mdomoni. Rangi ikianza kuelekea zambarau, umezidisha.

Njaa. Zabibu huja na lishe ya chachu ndani yake. Rozela na sukari nyeupe haviji na kitu. Kama huna lishe ya dukani, chemsha gramu 20 za hamira kwenye kikombe cha maji kwa dakika kumi, ipoe, mimina ndani ya dumu. Chachu hai inakula mabaki ya chachu iliyokufa.

Baridi. Hili unalitatua kwa blanketi.

Ukisharekebisha chanzo, anzisha upya hivi. Weka kijiko cha chachu kwenye mililita 200 za maji ya nyuzi 35 hadi 38, yaani vuguvugu la maji ya kumwogesha mtoto, pamoja na kijiko cha chai cha sukari. Ikiumuka, ongeza mililita 200 za mvinyo uliogoma. Subiri povu lirudi, ongeza mililita 400, kisha lita moja, kila mara ukingoja povu. Kazi hii huchukua siku nzima, wakati mwingine mbili. Mchanganyiko ukiwa hai kabisa, umimine ndani ya dumu. Kwa kupanda hatua kwa hatua, chachu huzoea pombe.

Umefaulu ukiona: kipimo kimeshuka hata kwa 0.004 ndani ya siku tatu. Polepole inatosha.

## Hatua ya 8: Kuhamisha mara ya pili na salfaiti

Vipimo vitatu vimelingana, na chini kuna mashapo meupe unene wa sentimita moja hivi. Hayo ni miili ya chachu. Yakikaa kwenye joto letu la pwani kwa miezi, huoza na kuleta harufu ya mchuzi uliolala. Hamisha.

Safari hii hakuna ulinzi wa gesi. Ncha ya mpira iwe chini kabisa ya dumu jipya tangu mwanzo, mvinyo uingie kimyakimya bila kuruka. Kabla hujaanza, yeyusha gramu 1.5 hadi 2 za metabisalfaiti kwenye vijiko viwili vya maji, weka chini ya dumu jipya, na mvinyo utachanganyika nayo ukiingia. Kiasi hicho kwenye lita 18.9 ni kama miligramu 45 hadi 60 za salfa dioksaidi kwa lita, kinachotosha kuzuia oksijeni na bakteria bila kuonekana kwenye ladha.

Usiweke salfaiti wakati uchachushaji unaendelea ukidhani utausimamisha. Utaudhoofisha tu, kisha utaamka ukiwa kwenye chupa. Na kila unayemkaribisha mvinyo huu umwambie una salfaiti, kwa sababu wapo wenye pumu inayoamshwa nayo.

Jaza dumu hadi juu, funga, rudisha gizani.

## Hatua ya 9: Kusubiri uangaze

Mwezi mmoja hadi mitatu. Mvinyo utajisafisha kuanzia juu kwenda chini, na siku moja utaona mwanga wa tochi ukipita upande wa pili.

Ukikataa kuangaza, angalia mambo mawili. Kwanza gesi iliyobaki, ambayo hushikilia chembe zisizame. Koroga taratibu kwa mpini mrefu uliosafishwa, dakika tatu, bila kuvuta hewa ndani. Pili ni pektini, ule ute wa asili wa mimea. Ukichemsha rozela kwa muda mrefu mwanzoni, pektini hutoka kwa wingi na kubaki kama ukungu. Vimeng'enya vya pektini, yaani dawa ya kuuvunja ute huo, vinauondoa, ila vifanye kazi kabla ya mvinyo kuwa na pombe nyingi. Kwa mzunguko ujao, loweka rozela kwenye maji ya moto badala ya kuichemsha.

Bentonaiti, aina ya udongo laini wa kusafishia mvinyo, gramu moja kwa lita, ikilowekwa usiku kucha kwenye maji ya moto, husaidia kushusha ukungu uliobaki. Binafsi naona muda unafanya kazi hiyo bure.

## Hatua ya 10: Utamu, chupa, na hesabu inayopasua kioo

Kila gramu 4 za sukari kwenye lita moja, zikichachuka ndani ya chupa iliyofungwa, huongeza mgandamizo kama wa angahewa moja. Watengenezaji wa Champagne kule Ufaransa huweka gramu 24 hivi ili wapate sita, na chupa zao ni nene na nzito kwa sababu hiyo. Sasa chukua kijiko kimoja cha mezani cha sukari, gramu 12 hadi 15, ukitie kwenye chupa ya kawaida ya mililita 750. Umeweka angahewa nne au tano ndani ya kioo ambacho hakikutengenezwa kuzibeba.

Kwa hiyo ukitaka utamu una njia mbili. Rahisi na salama: acha mvinyo mkavu kwenye chupa, tia utamu kwenye jagi siku ya kunywa. Ya pili: mvinyo ukiwa umeangaza na hauna mashapo, weka potasiamu sobeti gramu 4 kwenye lita 20 pamoja na salfaiti nyingine gramu 1, subiri siku mbili, kisha ongeza sukari iliyoyeyushwa. Sobeti haiui chachu. Inaizuia kuzaana, kwa hiyo ukiiweka kwenye mvinyo wenye ukungu uliojaa chachu hai haina msaada.

Kisha fanya jaribio hili kabla ya kujaza chupa za kioo. Jaza chupa moja ya soda ya plastiki mpaka juu, ibinye kidogo kutoa hewa, funga, iache sebuleni wiki mbili. Ikibaki laini, endelea. Ikiwa ngumu kama soda mpya, mvinyo bado unachachuka. Rudi hatua ya 6, na usijadiliane nayo.

Chupa za kioo zioshwe, ziuliwe vijidudu, zijazwe kwa mpira kutoka chini, ziachwe sentimita mbili chini ya kizibo. Zenye vizibo vya gome zisimame siku tatu kisha zilazwe. Zenye vifuniko vya kuzungusha zibaki zimesimama. Za mwanzo ziweke ndani ya ndoo yenye kifuniko, hata kama jaribio lilipita.

Kunywa nyumbani na wageni ni jambo moja. Ukitaka kuuza, Tanzania kuna TBS (shirika la viwango) kwa ubora na TRA (mamlaka ya mapato) kwa ushuru na stempu, na hakuna njia ya mkato inayofaa kushauriwa hapa. Kuukeneka mvinyo uwe gongo ni kosa la jinai, na ni hatari kwa wanywaji.

Ukali wa ujana hupungua baada ya miezi mitatu ndani ya chupa. Mvinyo wa zabibu unaweza kuvumilia miaka, lakini rozela haina sababu ya kuhifadhiwa hivyo: ikipita mwaka, rangi inaanza kuwa ya matofali na harufu ya ua inafifia. Andika tarehe kwenye kila chupa, na anza na zile zilizokaa karibu na dirisha.